Sura ya Tano: Umbali Uliopangwa

Hiace nyingi zinazobeba watu wa Lubumbashi zina mlango upande usiofaa. Ziliundwa Japani, ambako magari hupita mkono wa kushoto. Zikashushwa bandarini Dar es Salaam, zikavuka Tunduma, zikaikata Zambia hadi Kasumbalesa, na njia nzima hiyo ni ya mkono wa kushoto. Zikishaingia kwetu inabidi zipite kulia, kwa kuwa ndivyo Mbelgiji alivyotuachia. Usukani unabaki kulia, na mlango wa abiria unabaki kushoto. Gari likisimama, abiria hashukii pembeni penye vumbi. Anashukia katikati ya lami.

Asubuhi moja ya Februari nilikuwa siti ya nyuma, mvua imenyesha usiku kucha na kando ya barabara pamejaa maji mekundu. Mama mmoja mwenye beseni la sombe, majani ya muhogo, na mtoto mgongoni aliomba kushuka kabla hatujafika soko la komini ya Kenya. Kijana wa mlangoni akapiga bati mara mbili, gari likapunguza mwendo bila kusimama kabisa. Beseni ndilo lililotangulia: kijana alilitoa nje kwa mkono mmoja, kama mtu anayekinga matone. Ukafuata mguu wa mama, kandambili ikitafuta ardhi. Kisha akasita, maana pikipiki ilikuwa inakuja kasi kwenye uwazi ule ule, abiria wawili nyuma, honi haikomi. Ikampita kwa kiganja. Mama hakupiga kelele. Alishuka, akapokea beseni lake, akangoja Hiace iondoke ili avuke barabara ambayo tayari alikuwa amesimama katikati yake.

Sura hii inahusu namna ya kuupunguzia mji utumwa wa magari, nami nimeanza na mlango ule kwa sababu watu wengi wa Katuba, komini yetu ya Lubumbashi, wanalijua gari kutokea huko. Vitabu vingi vya somo hili vimeandikwa Ulaya na Marekani, na mhusika wake mkuu ni mtu mwenye gari: abembelezwe aliache nyumbani, apewe treni nzuri, aelezwe faida za baiskeli kwa moyo na mapafu yake. Mtu huyo Katuba yupo, lakini amezungukwa na nyumba nyingi zisizo na hata pikipiki. Wengine tuliliacha gari kabla hatujalipata. Hata hivyo, ukiniuliza kama Katuba inategemea magari nitakuambia ndiyo, tena kuliko Brussels. Mji unapoweka kazi, hospitali kubwa, soko la jumla na ofisi za vyeti mbali na mlango wa mtu, kisha ukatengeneza njia ya kufika huko kwa ajili ya magurudumu manne tu, basi umemfunga mtu huyo kwenye gari, awe nalo au asiwe nalo. Asiye nalo ananunua nafasi katika gari la mwingine kila siku ya Mungu, au analipa kwa miguu.

Kutoka Katuba hadi posta ya mjini ni kilomita nne hadi saba hivi, kutegemea unakaa Katuba ipi. Kwa anayeishi Kisale hesabu ni moja, kwa anayeishi ndani kabisa upande wa Bukama ni nyingine. Unapita Kenya, unapita Kamalondo, unaivuka reli, ndipo unafika kule ambako tunasema tumefika mu vile, yaani kwenye “ville”, mji wenyewe. Huku tunakokaa ni site, yaani “cité”. Mbelgiji alishaondoka zaidi ya miaka 60 iliyopita lakini maneno hayo mawili hayajahama, na mtu aliyezaliwa Katuba, akaoa Katuba, akazika wazazi akiwa Katuba, bado anasema anakwenda mjini kana kwamba yeye ni mtu wa shamba.

Umbali huo haukujipanga wenyewe. Reli kutoka kusini ilifika hapa mwaka 1910, na Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo, ikachorwa kwa rula, barabara pana zinazokatana mraba kwa mraba. Mwaka 1911 tanuri la kampuni ya migodi ya Union Minière likaanza kuyeyusha shaba kando ya mto Lubumbashi. Wafanyakazi weusi walihitajika kwa maelfu, lakini hawakutakiwa kulala karibu. Wakapewa mahali upande wa kusini, na kati yao na wazungu ukaachwa ukanda mtupu wa mita mia kadhaa ulioitwa zone neutre. Sababu iliyotajwa ilikuwa ya kiafya: mbu wa malaria, walisema, asingeweza kuruka mbali kiasi hicho. Sijui mbu walionaje. Boi, mtumishi wa nyumbani, aliuvuka ukanda huo kila alfajiri, kwa kuwa bila yeye jiko la bwana lisingewaka.

Kwanza ikawa cité Albert, ambayo leo ni Kamalondo. Ikafuata Kenya. Katuba yetu ni ya wimbi la miaka ya 1950, wakati mji ulipokuwa unafura kwa shaba na serikali ya kikoloni ikalazimika kupima viwanja vipya. Kila mtaa ulianza pale uliotangulia ulipoishia, kwa hiyo kila kizazi kiliongezewa mwendo. Desemba 1957, Élisabethville ilipopiga kura ya komini kwa mara ya kwanza, Katuba ilikuwa tayari komini yenye bourgmestre wake, yaani meya. Ilikuwa imeshakuwa mji ndani ya mji, isipokuwa kazi zilikuwa kwingine.

Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya maboi wa zamani, alitoa kijitabu cha historia ya mji huu kwa Kiswahili chetu, si kile cha Unguja, na mwaka 1990 mwanaanthropolojia Johannes Fabian akakichapisha upya pamoja na tafsiri na maelezo. Wasomi wamekichambua kwa lugha yake na kwa siasa zake. Mimi hunikumbusha jambo dogo zaidi: kwamba wa kwanza kuusimulia mji huu kwa maandishi yao wenyewe walikuwa watu walioujua kwa nyayo. Walijua nani anakaa barabara gani kwa sababu waliitembea kwenda na kurudi, na usiku walitakiwa wawe wamekwisharudi upande wao.

Kulikuwa na Waafrika wa mji huu huu ambao hawakuwa na shida ya umbali. Union Minière, tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, iliamua kwamba mfanyakazi anayekaa na mke na watoto ni faida kuliko yule anayekuja miezi michache na kukimbia. Ikajenga kambi. Ndani ya kambi kulikuwa na shule, zahanati, kanisa, duka, kiwanja cha mpira, posho ikitolewa pale pale, na tanuri lenyewe lilikuwa mwendo wa king’ora. Siku hizi Carlos Moreno, profesa wa Paris, amejipatia sifa duniani kwa wazo lake la mji wa dakika 15, mji ambao kila kitu cha lazima kinafikika kwa miguu au baiskeli ndani ya robo saa. Nilipolisoma nilicheka peke yangu. Babu zetu wa kambi walikuwa nalo, na walikuwa pia na mkuu wa kambi aliyejua nani kalala wapi, mtoto gani hakwenda shule na mke gani kapika pombe. Ukaribu ulikuwa wa kampuni. Waliotaka kupumua walihamia site, Kenya au Katuba, wakawa huru na wakawa mbali. Nadhani tangu hapo mtu wa Lubumbashi amebeba kichwani hesabu hiyo: karibu ni kwa bosi, mbali ni kwako. Anayetaka kuwashawishi watu wa Katuba kwamba kukaa karibu na kila kitu ni jambo jema aijue hesabu hiyo kabla hajafungua mdomo.

Baiskeli ilikuwa jibu la kwanza la watu wenyewe. Katika miaka ya 1950 mfanyakazi aliyeweka akiba alinunua vitu ambavyo majirani waliviona: cherehani ya mke, na kinga yake mwenyewe. Ndiyo, kinga, ndilo jina la baiskeli kwetu, ndugu wa njinga ya Wazambia, na msomaji wa Mombasa asidhani nazungumzia chanjo. Serikali iliitoza kodi na kuipa kibati cha namba kama gari. Chombo kinachotozwa kodi ni chombo cha heshima. Mtu aliifuta kwa kitambaa jioni na kuilaza ndani ya nyumba pamoja na watoto.

Heshima hiyo ilikwenda wapi? Ilikwenda na shaba. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilikuwa bado inatoa tani zaidi ya 470,000 za shaba mwaka 1986. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, mwaka uliofuata wanajeshi wakapora miji, na katika miaka michache uzalishaji ukashuka hata usifike sehemu ya kumi ya ule wa zamani. Mabasi ya kampuni yakafa pamoja na mishahara. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakapewa fedha za kuondoka, mpango ulioitwa wa hiari, na wengi wao fedha zilipokwisha waligeukia kile walichokuwa nacho: kiwanja kidogo, mke mwenye biashara, na magurudumu mawili. Hapo ndipo baiskeli ilipobadilika tabaka. Ikawa chombo cha makala, ndivyo tunavyouita mkaa.

Umewaona. Wanatoka porini, njia ya Kasenga, njia ya Kipushi, njia ya Likasi, magunia mawili ubavuni na la tatu juu, mengine yamerefushwa kwa majani na kamba hadi yakampita mtu kimo. Hawapandi, wanasukuma. Fimbo imefungwa kwenye usukani ili mkono ufike, nyingine nyuma ya siti ya kusukumia, na fremu imechomelewa nondo kwa sababu aliyeiunda hakuwazia mzigo wa punda. Kwenye mteremko mwenye baiskeli anaegemea nyuma kwa kisigino, soli za raba ya tairi zikikwaruza lami. Karibu kila bukari, ugali wetu, inayosongwa Katuba imepikwa kwa moto uliofika hivyo. Lubumbashi inatoa shaba na kobalti za magari ya umeme ya dunia nzima, na inapika kwa makala iliyosukumwa kwa miguu. Wachumi wana jina la jambo hili, lakini nalihifadhi kwa sababu si la adabu.

Kwa hiyo leo kijana wa Katuba ukimwambia apande baiskeli kwenda kazini anakutazama kama umemtukana. Ana haki. Lakini ardhi yenyewe haijabadilika. Tupo kwenye uwanda wa mita 1,200 hivi juu ya bahari, mji karibu tambarare, Juni na Julai baridi ya kuvaa koti, hakuna kilima cha Bukavu wala joto la Matadi. Kilomita tano kwa baiskeli, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, ni dakika 20. Kwa miguu ni saa na ushei. Kwa taksibisi, ukihesabu kungoja ijae, ukihesabu msongamano, na ukihesabu kwamba saa ya watu wengi dereva anaikata njia mara mbili ili uilipie mara mbili, kuna asubuhi ambazo anayetembea anafika kwanza. Najua kwa sababu nimeshapungiwa mkono na jirani yangu akiwa lami, mimi nikiwa nimebanwa dirishani.

Pengo lililoachwa na baiskeli lilijazwa na manseba. Jina ni la Kiluba cha Kasai, maana yake mjomba, kaka wa mama, na walipewa waendesha pikipiki za kukodi kwa sababu wengi wa mwanzo walitoka huko. Ni jina la utani lenye ncha kidogo, kama majina mengi tunayowapa watu wa Kasai hapa, lakini Katuba, ambako nusu ya majirani wako wana wajomba wa kweli Kasai, limelainika. Manseba anafika pale Hiace isipofika: kichochoro chenye shimo, saa nne ya usiku, mjamzito. Siwezi kumchukia. Tatizo lake ni kwamba anafanya kazi ambayo mji ulipaswa kuifanya, kwa pikipiki ya mkopo, na anayelipia makosa yake ni mifupa ya abiria. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu milioni 1.19 waliokufa barabarani mwaka 2021 peke yake, na zaidi ya nusu ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na watu wa pikipiki. Yaani ni sisi.

Nilimuuliza mama mmoja muuza makayabu, samaki wa chumvi, mtu mzima, tukiwa tumesimama kuvuka, kama angependa serikali ilete mabasi makubwa. Alinitazama kuanzia viatu.

“Papa, miye natembea na mikulu tangu wakati ya Mobutu,” akasema. “Waniachie tu fasi ya kupitia.”

Fasi ya kupitia. Sijasikia wataalamu wa usafiri wakisema vizuri kuliko hivyo. Wahandisi wana hesabu yao, na inafaa kuitaja: utepe mmoja wa barabara wenye upana wa mita tatu na nusu, ukiwapa magari ya binafsi, unapitisha watu wapatao 2,000 kwa saa. Ukiwapa baiskeli, 14,000. Ukiwapa wanaotembea, 19,000. Sasa simama saa kumi na mbili asubuhi mahali popote kati ya Katuba na reli, uangalie nani amepewa mita hizo tatu na nusu na nani anatembea juu ya kingo ya mfereji, mguu mmoja mbele ya mwingine kama mcheza sarakasi, nyanya za mwuzaji upande huu na kioo cha lori upande ule.

Mfereji ndio ningeanza nao. Mvua zetu zinakuja kwa miezi mitano, Novemba hadi Machi, na kila barabara iliyojengwa vizuri ina mifereji miwili ya zege pande zote. Karibu yote iko wazi. Mfereji ulio wazi unakula taka, unakula watoto, na unakula nafasi ambayo ingekuwa ya mguu. Ufunike kwa vigae vya zege vinavyoweza kuinuliwa wakati wa kusafisha, na umepata mita moja ya njia safi pande zote mbili bila kumvunjia mtu ukuta. Jambo hili halizinduliwi kwa utepe wala waziri, labda ndiyo maana halifanyiki. Juu yake weka kivuli. Miembe tunayo, tunaikata kupanua barabara. Kisha dodane, matuta yale, mbele ya kila shule na kila soko, kwa sababu mtu anayegongwa na gari la kilomita 30 kwa saa mara nyingi ananyanyuka, na anayegongwa na la kilomita 60 mara nyingi hanyanyuki.

Fedha? Kila lita ya mafuta inayouzwa nchini ina tozo ya mfuko wa matengenezo ya barabara, FONER, na barabara za mjini ni kazi ya Office des Voiries et Drainage. Dereva ataapa kwamba yeye ndiye mlipaji. Lakini Hiace yenye abiria kumi na wanane wa Katuba haichomi mafuta ya dereva. Inachoma nauli zao. Mama wa makayabu, siku anapochoka kutembea na kupanda, ameilipia barabara sawasawa na mtu wa jeep, tena akiwa amebanwa na watu watatu. Na jina la ofisi ile lina “drainage” ndani yake. Njia na mfereji ni kazi ya mtu mmoja, ziko kwenye muhuri mmoja.

Wenzetu wa Kiswahili wamejaribu makubwa zaidi. Dar es Salaam ilianzisha mabasi ya mwendokasi Mei 2016, kama kilomita 21 pamoja na matawi yake, kutoka Kimara hadi Kivukoni, yakiwa na njia yao katikati ya Barabara ya Morogoro, na mwaka 2018 jiji hilo likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, la kwanza Afrika Mashariki. Safari ya saa mbili ikawa chini ya saa moja. Baadaye yakaja malalamiko mengine: mabasi machache, vituo vimefurika, bonde la Jangwani likifurika maji mabasi hayapiti. Watu wa Katuba wanaokwenda Dar kununua bidhaa wanarudi na sifa za basi. Mimi nilichokipenda kilikuwa pembeni ya basi: njia ya wanaotembea, pana, yenye kingo, ikienda pamoja na barabara kilomita baada ya kilomita, na utepe wa baiskeli kando yake, ingawa nusu ulikuwa umekaliwa na wauza mitumba. Hilo halihitaji basi la mita 18. Tungeweza kulipata hata kabla ya kuwa na basi lolote.

Kigali tangu 2016 inafunga barabara kwa magari asubuhi za Jumapili maalumu, watu wakimbie na kuendesha baiskeli. Ni jambo zuri na la picha. Bujumbura ikaenda upande mwingine: Machi 2022 serikali ilipiga marufuku baiskeli, pikipiki na bajaji katika sehemu kubwa ya jiji, kwa hoja ya ajali na msongamano. Watu walioshusha ndizi na mkaa kutoka milimani kwa magurudumu mawili wakasimamishwa mpakani mwa jiji. Nalitaja kwa sababu nimesikia hoja hiyo hiyo mjini kwetu, midomoni mwa watu walioketi kwenye kiyoyozi: tuondoe baiskeli za makala, tuondoe manseba, mji upumue. Hoja hiyo inahesabu chombo kinachoonekana na kumsahau anayekila kilichobebwa.

Na kuna reli. Wageni wanashangaa nikiwaonyesha. Mistari ya SNCC, shirika la reli la taifa, inapita kati ya mji na sisi, na kwa miaka zaidi ya mia moja imekuwa ukuta wetu: watu wote wa Kamalondo, Kenya na Katuba wanajikusanya kwenye vivuko vichache, kimojawapo kikipita chini ya reli, ndicho tunachokiita Tunnel, kama mchanga kwenye shingo ya chupa. Msongamano wa Lubumbashi ukiuchunguza unaanzia hapo, kwenye uamuzi wa watu waliotaka kulinda nyumba zao dhidi ya mbu. Kila kivuko kipya cha miguu, hata daraja jembamba la chuma, kingeondoa watu wengi barabarani kuliko kupanua lami kwa kilomita mbili. Ningependa pia kuona treni ya asubuhi ikibeba watu; Kinshasa imekuwa nayo kwa vipindi, ikifa na kufufuliwa. Lakini sitakaa nikingoja treni. Wafanyakazi wa reli wenyewe walitupa timu ya mpira, Saint-Éloi Lupopo, na kwa sasa hiyo ndiyo huduma ya reli inayofika Katuba kwa uhakika.

Nije kwenye mpira basi, maana nimeona mara nyingi jambo ninalolitetea, na nimeliona siku za mechi.

Uwanja wa TP Mazembe uko Kamalondo, umefunguliwa mwaka 2011, na unaingiza watu wapatao 18,000. Mazembe na Lupopo zote ni za mwaka 1939, na zikikutana, Katuba inaondoka nyumbani kuanzia saa tano mchana. Hakuna anayepanga. Watu wanatoka vichochoroni wawili wawili, kwenye barabara kubwa wanakuwa ishirini, Kenya wanakuwa mia kadhaa, weusi kwa weupe upande huu, bluu na manjano upande ule, ngoma, vuvuzela, mtu aliyejipaka chokaa mwili mzima. Mwanzoni wanatembea kwenye kingo ya mfereji kama siku zote. Kisha mtu mmoja anashuka kwenye lami. Wengine wanamfuata. Dakika kumi baadaye barabara yote ni watu, ukuta hadi ukuta, na magari ndiyo yaliyo pembeni, Hiace imezima injini, dereva amekaa juu ya bati na kuomba sigara.

Mwaka jana nilikuwa mle katikati na mtoto wa dada yangu, ana miaka sita. Hakuwa amewahi kukanyaga katikati ya barabara ile. Aliinama akaugusa mstari mweupe kwa kidole, uliobaki kipande tu, akaniuliza ni wa nini. Nilianza kumweleza, ngoma zikatupita, sikusikika. Baada ya mechi tulirudi na umati ule ule hadi Kenya. Pale ukaanza kupukutika, na karibu na soko honi ya kwanza ikalia nyuma yetu. Nikamshika mkono nikamvuta kwenye kingo.